Pishi Moja ya Mana

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii ina ukweli wa tumbo. Njaa haina kumbukumbu: aliyekula pilau juzi na aliyelala na ugali mkavu, leo asubuhi wote wawili wanatafuta chai. Hakuna anayeishi kwa mlo uliopita. Lakini ukiitoa methali hii tumboni ukaifanya kanuni ya moyo, umemfukuza Mungu nyumbani mwako bila hata kugombana naye. Maana karibu yote tuliyopewa tulipewa jana. Maziwa ya mama, lugha tunayosemea, mikono iliyotushika kabla hatujajua kutembea, subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, Injili yenyewe iliyotufikia kupitia watu waliokwisha kuzikwa: yote hayo ni chakula cha mla jana. Anayehesabu cha leo peke yake ataamka kila asubuhi akijiona hajawahi kupewa kitu.

Biblia inaijua hoja ya methali hii, na nusu yake inaikubali. Katika Kutoka sura ya 16, mana iliyolazwa iliingia mabuu ikanuka. Ilimpasa kila mtu atoke tena asubuhi akaokote ya siku ile. Hapo mla jana kweli hana kitu. Lakini mwishoni mwa sura hiyo hiyo Musa anamwambia Haruni atwae chombo, atie ndani yake pishi moja ya mana, aiweke mbele za Bwana itunzwe kwa ajili ya vizazi. Chakula kilichooza katika mahema ya walioficha kwa hofu ya kesho, hapa kinawekwa na kinadumu. Pishi moja ilikuwa posho ya mtu mmoja kwa siku moja, basi. Haikuwekwa iwe akiba ya kula. Iliwekwa ili watoto ambao hawakuwahi kulikanyaga jangwa lile waone kwa macho mkate waliolishwa wazee wao.

Naona shukrani ya Kikristo yote imo katika chombo kile. Tumezoea kuisikia ikihubiriwa kama hali ya moyo, uchangamfu fulani ambao mtu mwema anapaswa kuamka nao, na asipokuwa nao aanze kujilaumu. Mimi naamini shukrani ni kazi ya kumbukumbu kabla ya kuwa furaha, na ni kazi yenye jasho. Hisia huja na kuondoka zenyewe. Kumbukumbu lazima itunzwe na mtu, na isipotunzwa hufa bila kelele. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati sura ya 8 haiwaonyi Waisraeli juu ya njaa ya jangwani. Inawaonya juu ya siku watakapokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, na ng'ombe wao wakaongezeka, kwamba siku hiyo ndipo watakaposahau na kusema moyoni kuwa nguvu za mikono yao ndizo zilizowapatia yote. Mwenye njaa anajua fika kwamba anategemea. Shibe ndiyo inayohitaji mwalimu.

Ubaya hujiandika wenyewe akilini. Aliyetukanwa mbele za watu hahitaji kuweka alama kwenye kalenda. Miaka ishirini baadaye atakuambia palikuwa wapi na nani alicheka. Wema haujiandiki hivyo. Figo zimefanya kazi usiku kucha na hakuna aliyezisikia. Mtoto ametoka shule akarudi salama, na kwa kuwa amerudi hakuna habari ya kusimulia. Thoma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alizipanga ngazi za kukosa shukrani: kuna asiyelipa fadhila, na kuna asiyeitamka hata kwa asante, lakini wa chini kuliko wote ni yule asiyetambua kabisa kwamba amepokea, kwa kusahau au kwa namna nyingine yoyote. Mpangilio huo unanishawishi. Wawili wa kwanza unaweza kuwakemea na wakaona aibu. Huyu wa tatu ukimkemea atashangaa kwa moyo safi, maana machoni pake hakuna kilichotokea. Kwa hiyo mazoezi ya shukrani hayaanzi mdomoni. Yanaanza machoni.

Ignasi wa Loyola alilielewa hili kwa namna inayogusa kila anayesali jioni. Katika Mazoezi yake ya Kiroho, kujichunguza dhamiri kuna hatua tano, na ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa. Kuomba neema ya kuzijua dhambi zako ni ya pili. Sisi wengi tungeanza na dhambi, tukidhani ndio unyenyekevu. Lakini mtu anayeanza na makosa yake bado anajitazama yeye mwenyewe, tena kwa kioo kidogo zaidi. Anayeanza na alichopewa amekwisha kumtazama Mwingine, na dhambi anapoiona baadaye anaiona ilivyo kweli, yaani kumkosea mtu aliyekuwa akimtendea wema mchana kutwa. Mwaka 1542 Ignasi alimwandikia Simão Rodrigues, mwenzake aliyekuwa Ureno, kwamba utovu wa shukrani ni chanzo na mwanzo wa dhambi zote. Ni neno zito. Ila ukisoma sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi utaona Paulo amelitangulia: pale anapoeleza jinsi wanadamu walivyotiwa giza, kosa analolitaja mwanzoni ni kwamba walimjua Mungu wasimtukuze wala kumshukuru. Sanamu na uasherati vinafuata baadaye katika maelezo yake.

Macho hufundishwaje? Kwa kutaja vitu kwa majina yao. Vijana wa Kilutheri wanaoandaliwa kwa kipaimara bado wanakariri Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, na ndani yake, katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, muumbaji wa mbingu na nchi anashuka ghafla hadi kwenye macho na masikio, akili, mavazi, viatu, chakula, nyumba, wanyama wa kufugwa. Napenda sana kwamba viatu vimo. Mtu akisema anamshukuru Mungu kwa baraka zote, huenda hajamshukuru kwa lolote. Neno lile ni pana mno hata hakuna kitu kinachoonekana ndani yake. Ukisema viatu, unaviona: soli imeisha upande mmoja, fundi ameishona mara mbili, na bado vinakufikisha kazini. Kijana wa miaka kumi na minne anayekariri orodha ile kwa haraka ili aruhusiwe kwenda kucheza mpira hajui anapewa nini, na sidhani ni hasara. Anawekewa maneno ndani. Siku atakapoyahitaji atayakuta.

Hapa wengi hukataa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mazoea huua maana. Tunawasikia watu wakiulizwa habari za leo na kujibu nzuri, tunamshukuru Mungu, huku macho yako kwenye simu. Tunawasikia wakianza kila ushuhuda kwa Bwana Yesu asifiwe kama mtu anayejaribu kipaza sauti. Je, si bora kushukuru mara chache, kwa dhati, kuliko kushukuru kila saa kwa ulimi tu?

Swali hili linadhani kwamba dhati huja kwanza na tendo hufuata. Aristotle aliwafundisha wasomaji wake kinyume: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, na jasiri kwa kutenda ya ujasiri, kabla moyo haujazoea. Njia ya mguu porini ni hivyo hivyo. Hufunguka kwa kukanyagwa na waliokuwa wakienda zao tu kuchota maji, na ikiachwa misimu miwili nyasi huirudia. Maneno ya kila siku, hata yakitamkwa nusu nusu, yanaiweka njia wazi. Ninakubali kwamba anayejibu tunamshukuru Mungu bila kufikiri hajashukuru kikamilifu. Lakini amebaki jirani na shukrani, na neno lile linaweza siku moja kumshika. Asiye nalo kabisa atalitoa wapi siku ya msiba?

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yananifanya nisimame hapa bila kuyumba. Martin Rinkart alikuwa mchungaji wa Eilenburg, mji mdogo wa Saksonia nchini Ujerumani, tangu mwaka 1617 hadi alipofariki mwaka 1649. Vita vya Miaka Thelathini vilianza mwaka 1618 na kwisha 1648. Maana yake huduma yake karibu yote pale ilipita ndani ya vita. Mji ulikuwa na kuta, kwa hiyo wakimbizi walijazana humo, na waliingia na njaa na maradhi. Mwaka 1637 tauni ilifyeka. Wachungaji wenzake walikufa au waliondoka, akabaki yeye, akazika watu zaidi ya 4,000. Mwezi Mei mwaka huo alimzika mke wake.

Rinkart ndiye mtunzi wa wimbo maarufu wa shukrani unaoanza kwa maneno ya Kijerumani Nun danket alle Gott, ambao Wakristo wa madhehebu mengi huuimba wakati wa mavuno na sherehe. Mara nyingi husimuliwa kwamba aliutunga katikati ya makaburi yale. Simulizi hiyo inasisimua, lakini wimbo wenyewe ni wa kabla ya tauni. Ulitoka kama sala ndogo ya mezani, maneno yake yakiwa yamechotwa katika sura ya 50 ya Yoshua bin Sira. Kwangu ukweli huu una nguvu kuliko ile hadithi. Rinkart hakuhitaji kubuni shukrani siku alipokuwa amechoka kuzika. Ilikuwa imeshawekwa nyumbani, pale pale penye sahani, kwa ajili ya mkate wa siku isiyo na jina. Aliyezoea kushukuru kwa mkate ule alikuwa na kitu cha kushika mwaka ambao mkate wenyewe uliadimika. Nani angeanza kujifunza kushukuru Mei 1637?

Nimesema kwamba hoja ya mazoea si ya kupuuzwa. Iko nyingine nzito zaidi, nayo nimeisikia ikisemwa kwa sauti ya chini na watu wanaompenda Mungu kweli. Fikiria saa ya shukrani za pekee katika ibada ya Jumapili. Kijana aliyenusurika ajali ya basi anatoka mbele na wazazi wake, bahasha mkononi, kwaya inaimba, mchungaji anawawekea mikono. Kwenye benchi la tatu ameketi mama ambaye mwanawe alikuwa katika basi lile lile. Kama Mungu ndiye aliyemwokoa huyu, amemfanyia nini yule? Kila neno la shukrani linalotamkwa mbele linashuka benchi la tatu kama swali.

Siwezi kulijibu swali la kwa nini huyu na si yule, na ninaamini kwamba shukrani yenyewe hailijibu wala haikuumbwa kulijibu. Kushukuru ni kumwambia Mungu: hiki nimekipokea. Si kueleza sababu. Kijana yule anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba yu hai, kwamba uhai wake hakujipa, na kwamba anamrudishia Mungu utukufu. Shukrani inaharibika pale inapoongezewa maelezo: niliponywa kwa sababu mama yangu ni mwombaji, nililindwa kwa sababu natoa fungu la kumi. Hapo tumeshatoka kwenye shukrani tukaingia kwenye sala ya yule Farisayo wa Luka sura ya 18. Watu husahau kwamba sala ya Farisayo ilikuwa ya shukrani, tangu neno la kwanza. Hakuomba kitu. Alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, na kwa hilo alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Shukrani inayomhitaji aliyekosa ili ipate utamu wake si ya Kikristo, hata ikipelekwa na bahasha nono.

Na mama wa benchi la tatu? Tusimharakishe. Tunapenda kuyasoma msibani maneno ya Ayubu ya sura ya kwanza, ambayo kwayo alilibariki jina la Bwana baada ya kupotewa na watoto wote. Ni maneno matakatifu. Lakini mtu yule yule, sura mbili mbele, anailaani siku aliyozaliwa, na mwisho wa kitabu Mungu anatamka kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa, kuliko rafiki zake waliokuwa na maelezo ya kila kitu. Zaburi ya 88 inakwisha gizani, haina hata mstari mmoja wa shukrani, na wala hakuna aliyethubutu kuiondoa katika kitabu cha nyimbo za Israeli. Anayemlilia Mungu bado anaongea na Mungu. Paulo, mwenye kuwaagiza Wathesalonike washukuru katika kila hali, ndiye aliyewaagiza Warumi walie pamoja na wanaolia. Kama kijana aliyenusurika akitoka pale mbele akaenda kuketi karibu na mama yule, shukrani yake itakuwa imefika ilikokuwa ikienda.

Yesu mwenyewe alishukuru usiku aliosalitiwa. Jambo hili tunalitaja kila tunapoadhimisha Meza ya Bwana, na kwa kulitaja sana hatulioni. Hakumshukuru Baba kwa ajili ya Yuda wala kwa ajili ya vipande thelathini vya fedha. Alishukuru kwa mkate uliokuwa mkononi mwake. Uovu wa usiku ule aliuacha ubaki uovu, na mkate akauita zawadi, vyote viwili katika chumba kimoja.

Namna hiyo ya kutofautisha tunaihitaji pia tunapowasikia wenye nguvu wakiwahubiria wanyonge shukrani. Mwajiri asiyelipa mishahara miezi mitatu huwaambia watumishi wake washukuru kwamba wana kazi. Mume mkorofi humwambia mkewe ashukuru kwamba ameolewa. Hii ni kumpokonya Mungu shukrani yake na kuitumia kama kamba ya kumfungia mtu. Mwenye kujua kwamba uhai, pumzi na riziki vimetoka kwa Mungu, huyo hasa ndiye asiyeweza kumpigia magoti bosi kana kwamba bosi ndiye aliyempa pumzi. Nabii Amosi katika sura ya nne anawageukia matajiri wa Samaria wanaowaonea maskini na wakati huo huo kuleta dhabihu za shukrani kwa mbwembwe. Anawaambia waendelee tu kuzichoma na kuzitangaza, maana ndivyo wapendavyo, na kila asomaye anasikia hasira iliyomo.

Na wale kumi wenye ukoma wa Luka 17 wanatuonya kwa upande mwingine. Tisa wasiorudi hawakuwa waasi. Yesu aliwaagiza waende kujionyesha kwa makuhani, nao walikuwa njiani kutimiza. Walikuwa na shughuli ya dini! Aliyerudi ni Msamaria. Uponyaji wa wale tisa haukufutwa. Mungu hakuwadai alichowapa, maana shukrani si malipo na zawadi yake haina riba. Walichokosa ni kumwona Mponyaji tena uso kwa uso wakiwa na ngozi nzima. Mwenye ratiba ndefu ya huduma kanisani anaweza kuwa mmoja wa hao tisa kwa miaka mingi asijue.

Sheria ya Musa ilikuwa na utaratibu ambao natamani wachungaji wetu wauhubiri wakati wa sadaka ya mavuno. Katika Mambo ya Walawi sura ya 7, nyama ya sadaka ya amani iliyotolewa kwa nadhiri au kwa hiari iliruhusiwa kuliwa hata siku ya pili. Ile iliyotolewa kwa shukrani ilipasa kuliwa siku ile ile, isibaki hata kipande hadi asubuhi. Familia moja haimalizi ng'ombe kwa siku moja, hata wakijitahidi. Hawakuwa na njia ila kuita majirani. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26 mkulima analeta kikapu cha malimbuko, anasimulia mbele za kuhani habari za baba zake tangu walipokuwa watu wa kutangatanga na watumwa wa Misri, kisha anaagizwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye katikati yao. Mistari inayofuata inahusu fungu la kumi la mwaka wa tatu, ambalo pamoja na Mlawi ni la mgeni, yatima na mjane, wapate kula ndani ya malango yake.

Kwetu mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku na mbuzi wa sadaka ya mavuno hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na fedha huingia katika kazi za usharika. Sina ugomvi na mnada. Una furaha yake, na paa la kanisa halijiezeki. Lakini mnada unampa mkungu mwenye fedha, na mjane aliyeleta mayai matano anaweza kurudi nyumbani baada ya kusimama pembeni muda wote. Usharika ungeweza kutenga sehemu ya mazao yale, ikapikwa siku ile ile, ikaliwa pale pale na wote, wageni kwanza. Kamati ya akina mama inajua sufuria kubwa ziko wapi.